Ua ndani ya tone: kwa nini ukingo unatoka mkali na ua linafifia? Uzi wa picha za matone, Arusha na Moshi

#1 Mpiga_Umande (Tengeru)

Wakuu, swali hili linarudi kila mvua zikianza. Mtu ana kamera nzuri tu, tone limening'inia kwenye ncha ya jani, nyuma kaweka ua la maana, lakini ndani ya tone anaambulia rojo la rangi. Ukingo wa tone mkali kama wembe, ua halisomeki. Nafungua uzi mmoja tuweke mambo sehemu moja, maana majibu yametapakaa.

Tone lililo karibu na duara ni lenzi, tena lenzi kali. Maji yanapinda mwanga kwa kipimo cha 1.33, na kwa kipimo hicho taswira ya kitu kilicho nyuma ya tone inajiunda upande wa kamera, umbali sawa na kipenyo cha tone ukihesabu kutoka kitovu chake. Chukua tone la mm 2.5. Ukingo unaouona kama duara uko usawa wa kitovu. Taswira ya ua iko mm 2.5 mbele ya hapo, inaelea hewani nje ya tone, mm 1.25 kutoka kwenye uso wa maji.

Linganisha na kina cha ukali, yaani ule unene wa eneo linalotoka kali kwenye picha. Kamera yenye sensa ya APS-C (ile ya kamera nyingi za kawaida), ukuzaji wa 1:1 (taswira kwenye sensa ina ukubwa ule ule wa kitu), tundu la lenzi f/8: kina chote ni kama mm 0.6. Ukifunga mpaka f/11 unapata kama mm 0.9. Kwa hiyo ukingo na ua haviwezi kuwa vikali pamoja kwenye picha moja ya ukuzaji huo, hata uwe na lenzi ya mamilioni. Na otofokasi, yaani kamera kujilengea yenyewe, ukiiachia inakimbilia ukingo kwa sababu ndipo penye kontrasti.

Cha kufanya: zima otofokasi. Funga ringi ya fokasi kwenye ukuzaji unaoutaka, shika ukingo wa tone, halafu rudisha kamera nyuma taratibu, kiasi cha unene wa sarafu, mpaka ua lisimame. Sogeza kamera, usizungushe ringi. Ringi inabadilisha ukuzaji pia na utapoteza fremu uliyokwisha kuipanga.

Jambo la pili ni umbali wa ua. Hesabu yake ni nyepesi: upana wa ua gawanya kwa umbali wake kutoka kwenye tone, jibu ndilo sehemu ya tone itakayojazwa. Alizeti changa ya sm 8 ikikaa sm 10 nyuma inajaza asilimia 80 ya kipenyo. Iweke sm 32, inajaza robo tu na pembeni unapata kijani kitupu. Ukubwa wa tone hauingii kwenye hesabu hiyo. Pembeni kabisa mwa tone taswira inajibana na kupinda, kwa hiyo usiijaze mpaka mwisho.

Ua lenyewe litazame kamera, na litapinduka juu chini. Kwa ua la duara haijalishi. Waridi lililofunga petali ndani ya petali huwa halisomeki kwenye eneo dogo hivyo. Alizeti, au ua lolote lenye petali zilizojipanga kuzunguka kitovu chenye rangi tofauti, linasomeka vizuri.

#2 chalii_wa_sakina

Mkuu umetisha. Sasa sisi wa lenzi za 50mm f/1.8 na 18-55 inayokuja na kamera kwenye boksi, hiyo 1:1 tunaifikiaje bila kuuza ng'ombe?

#3 FundiLenzi (Moshi mjini)

Njia ni tatu, na zote zinatumia lenzi uliyonayo.

Mirija ya kurefusha. Hii inakaa kati ya kamera na lenzi, haina kioo ndani. Seti ya kawaida ina vipande vya mm 12, 20 na 36. Ukuzaji unaoongezeka ni urefu wa mirija gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi (ile 50 ya 50mm): 36 kwa 50 ni 0.72, vyote vitatu, yaani 68 kwa 50, ni 1.36. Nunua ile yenye pini za umeme zinazounganisha kamera na lenzi. Ile ya bei ya chini kabisa haina, na ukiifunga kwenye Canon za EF huwezi kubadili tundu, lenzi inabaki wazi. Kasoro ya mirija ni ukaribu: ukiwa na 68 zote, tone linakuwa sm 5 au 6 tu kutoka kwenye kioo cha mbele. Kivuli cha lenzi kinaingia, na jani unaligonga kabla hujapiga.

Kugeuza lenzi. Unahitaji ringi yenye uzi wa kipenyo cha lenzi yako upande mmoja na kifungio cha kamera yako upande wa pili. Soma namba iliyoandikwa kwenye ukingo wa mbele wa lenzi au ndani ya kifuniko chake: 18-55 ya Canon nyingi ni mm 58, ya Nikon nyingi ni mm 52, na 50mm f/1.8 STM ya Canon ni mm 49. Wanaonunua kwa kukisia hurudi dukani. 18-55 ikigeuzwa, upande wa 18 ndio unaokuza zaidi, kinyume na mazoea, na kwa matone ya kawaida umezidi mno. Anza na 55 au tumia 50. Tundu kwenye Canon EF: kabla ya kugeuza, weka f/8, bonyeza kitufe cha kuonjea kina cha ukali, na huku umekibonyeza fungua lenzi. Tundu linabaki hapo. Kwenye lenzi za Nikon aina ya G (zisizo na ringi ya tundu) kuna kijiti nyuma ya lenzi; kikiachwa tundu linajifunga lote, kwa hiyo kizuie na kipande cha karatasi ngumu. Kumbuka upande wa nyuma wa lenzi sasa umetazama nje. Mvua na vumbi vinaingia moja kwa moja.

Lenzi ya kufunga mbele. Raynox DCR-250 ina diopta 8 (kipimo cha nguvu ya lenzi) na inabana yenyewe kwenye lenzi za mm 52 hadi 67. Kwa mwenye 55-250 au 70-300, DCR-150 yenye diopta 4.8 ndiyo rafiki, kwa sababu inakuacha kama sm 20 kutoka kwenye tone. Kwa picha ya ua ndani ya tone nafasi hiyo ni mali. Vile vioo vya +1, +2, +4, +10 vinavyouzwa kwa seti vina kioo kimoja kisichosahihishwa. Ukingo wa tone utatoka na utepe wa zambarau na kijani.

Mkuu #1, nyongeza kwenye tundu. Ukiandika f/8 kwenye 1:1, mwanga unaoingia ni wa f/16, kwa sababu f halisi ni namba uliyoweka mara (1 + ukuzaji). Ndiyo sababu kufunga f/22 ili "kupata kina" kunaharibu picha nzima: pale halisi ni f/45 na mtawanyiko wa mwanga unafuta kila kitu kidogo. Kwa APS-C baki f/8 mpaka f/11. Wenye Micro-Nikkor (lenzi za makro za Nikon) kwenye kamera za Nikon mjue kamera yenu inaonyesha f halisi tayari, kwa hiyo msishangae kuona f/16.

#4 mama_kihamba

Na sisi wa simu? Yangu ina kamera ya makro ya megapikseli 2 na picha zake ni aibu tupu.

#5 FundiLenzi

Hiyo iache, mama. Nyingi za aina hiyo zina fokasi iliyogandishwa karibu sm 4, haisogei, na sensa yake ni punje. Mbili zinazofaa: simu ambayo kamera yake pana ina otofokasi na inasogea mpaka sm 2 au 3, au kilenzi cha kubana juu ya kamera kuu. Ukitumia kilenzi, hakikisha kimekaa katikati ya kamera kuu, maana simu yenye kamera tatu inaweza kuruka yenyewe kwenda nyingine ukisogelea kitu. Kwenye mipangilio zima kubadilisha lenzi kwa otomatiki. Gusa skrini juu ya ua lililo ndani ya tone, kandamiza mpaka fokasi ifungwe, punguza mwanga hatua 0.7 hadi 1 ili ving'aavyo visiungue, kisha sogeza mkono mbele na nyuma huku unapiga mfululizo. Katika picha ishirini utachagua mbili.

#6 Nuru_Laini (Njiro)

Mmeongea lenzi, mmeruka mwanga. Tone linaakisi kila kinachong'aa mbele yake. Fleshi tupu inatokea kama kidoti cheupe kilichoungua katikati ya ua. Taa ya duara ya mitandaoni inatokea kama ringi. Shati jeupe linatokea kama shati jeupe. Ukifikiri kwa namna hiyo, kazi ya taa ni kuchagua umbo la kiakisi, yaani hicho kinachoonekana kung'aa kwenye tone, na kukiweka pasipokera.

Fleshi ya nje, nguvu kwa mkono, 1/16 au 1/32, ISO 200, kasi 1/160 au 1/200, f/8 hadi f/11. Kwa nguvu hizo ndogo mwako wa fleshi ni mfupi mno kiasi kwamba tone linalotetemeka linaganda. Mbele yake weka kilainishi: kipande cha dumu jeupe la maziwa, au karatasi nyeupe ya kuchorea ramani inayopitisha mwanga, tabaka mbili zilizoachana sm 3 hivi ili mwanga utawanyike kabla ya tabaka la pili. Upana wake uwe sm 15 au zaidi, ukae sm 10 mpaka 12 kutoka kwenye tone, juu na nyuma kidogo. Kadiri kilivyo kikubwa na karibu, ndivyo kiakisi kinavyotandaa na kupauka. Kikiwa kidogo na mbali unarudi kwenye kidoti.

Hapa ndipo watu wanapokwama: tone limewaka vizuri, ua ndani yake jeusi. Fleshi iliyolenga tone kwa karibu inafika kwenye ua imechoka. Ua linahitaji mwanga wake. Ama litegeshe juani huku tone likiwa kivulini, ama elekeza karatasi nyeupe imrudishie jua, ama tumia tochi ya simu ya pili. Ukitumia tochi pamoja na fleshi, punguza kasi mpaka 1/30 na uwe na stendi, la sivyo tochi haitaonekana.

Kichujio cha polaraizi watu wanakipigia debe. Kwenye tone hakisaidii sana: uso umepinda, mng'ao unaondoka kwenye ukanda mmoja tu, na umelipa hatua moja na nusu mpaka mbili za mwanga.

#7 chalii_wa_sakina

Nataka Kibo ndani ya tone. Nimeona watu wanaziweka mtandaoni, mlima mzima umekaa. Inawezekana au ni ufundi wa kompyuta?

#8 Mpiga_Umande

Ipigie hesabu ile ile. Ukiwa Moshi mjini, Uhuru Peak yenye mita 5,895 iko kama km 30 kwa mstari ulionyooka, na mji uko kama mita 900. Mlima umenyanyuka mita 5,000 hivi juu yako. 5 kwa 30 ni moja ya sita. Kwenye tone la mm 2.5 mlima utakuwa na urefu wa mm 0.4, ambazo kwenye kamera ya megapikseli 24 ya APS-C kwa 1:1 ni pikseli kama 100. Kibo na Mawenzi pamoja, km 11 hivi kati yao, zinachukua zaidi kidogo ya theluthi ya upana. Meru kutoka Arusha mjini ni nafuu kidogo, kama moja ya tano kwa urefu.

Kwa hiyo inawezekana, mlima mdogo chini ya anga kubwa, umepinduka. Na huwezi kuusogelea ukatatua: ukipanda Marangu unaongeza ukubwa, lakini msitu na mawingu vinaukata. Hizo za "mlima mzima umejaa tone" nyingi ni karatasi. Mtu anachapisha picha ya mlima kwenye A4, sm 29.7 kwa upana, anaitega juu chini sm 35 nyuma ya tone, anaimulika. Hakuna ubaya, ila aseme. Karatasi isiyong'aa, tafadhali, ile ya kung'aa inarudisha doa la taa.

#9 mama_kihamba

Kwenye majani niongezee mimi, hapo nipo nyumbani.

Yale matone yaliyojipanga kwenye meno ya jani alfajiri, kwa mpangilio kama yamepimwa, mara nyingi si umande. Ni maji ya mmea wenyewe. Usiku vitundu vya kupumulia vya jani vimefunga, mizizi inaendelea kusukuma, maji yanatokea kwenye vitundu vya ukingoni. Utayaona kwenye mahindi machanga, nyasi, stroberi na magimbi, baada ya udongo kulowa na usiku usio na upepo. Ni matone safi, ya duara, tena yanarudi mahali pale pale kesho yake kama udongo bado una maji. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi: unaweza kupanga stendi na ua jioni.

Umande wenyewe unataka anga wazi na utulivu, jani lipoteze joto usiku. Asubuhi za Juni na Julai zenye mawingu mazito ya kuganda mlimani huwa na umande mdogo. Pale unategemea manyunyu na ukungu. Masika, Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba na Desemba, subiri mvua ikatike. Jua huku linachomoza kati ya saa 12 na saa 1 kasorobo asubuhi, na likishalipiga jani, matone madogo yanaondoka upesi. Upande wa magharibi wa mgomba au uzio wa masale unabaki kivulini muda mrefu zaidi.

Jani la gimbi ni habari nyingine. Lina nta yenye vinundu vidogo mno, tone haliligusi sawasawa, linaviringika kama goroli. Litazame kwa pembe ya chini na utaona fedha chini ya tone: ni hewa iliyonaswa kati ya maji na jani, inaakisi mwanga wote. Fedha hiyo inaonekana kwa pembe fulani tu, kwa hiyo inamisha kamera polepole mpaka iwake. Usilishike jani. Ukilifuta kwa kidole nta inalazwa, na pale maji yatatandaa badala ya kusimama. Jani lililopuliziwa dawa yenye sabuni vilevile. Jani la mwembe linafanya tone libonyee kama chapati, lenzi yake haifai.

Tafuteni matone ya mm 2 mpaka 3. Makubwa zaidi yanavutwa na uzito wake yanakuwa kama pea, na ua ndani yake linarefuka.

#10 Nuru_Laini

Mama kihamba heshima yako. Hapo kwenye gimbi kandokando ya mfongo (mfereji wa maji wa Kichagga) ni sehemu bora kuliko bustani yoyote ya mjini.

#11 Kipimo_Sahihi

Wasiotaka kusubiri mvua: bomba la sindano la ml 1 na sindano yake nyembamba. Dripu ya kawaida ya dawa inatoa matone 20 kwa ml moja, yaani kila tone kama mm 4.6, kubwa mno. Kwa sindano ya insulini unaongeza maji kidogo kidogo mpaka tone lifike ukubwa unaotaka.

Maji: ya bomba huku yana madini, yakikauka yanaacha doa jeupe kwenye jani na kwenye lenzi. Tumia ya mvua au yaliyotoneshwa (distilled), yale yanayouzwa kama maji ya betri. Ukienda kuulizia "maji ya betri" hakikisha umepewa maji na siyo asidi. Chupa zinafanana na wauzaji wengine hawajali.

Gliserini ya duka la dawa, nusu kwa nusu na maji, inafanya tone likae saa nzima bila kupungua. Inapinda mwanga zaidi, kama 1.40, kwa hiyo taswira inasogea karibu na tone na ua linapungua ukubwa kama asilimia 12. Lisogeze ua kwa kiasi hicho hicho. Usinunue ile iliyochanganywa na manukato na mafuta ya ngozi, inatandaa.

#12 Mpiga_Umande

Gliserini kwenye studio sawa. Shambani mimi naipinga. Inanata, vumbi linaganda humo ndani ya dakika chache na kwa ukuzaji huu kila punje ni jiwe. Inavutia sisimizi. Na mdudu asipuliziwe kabisa, inaziba matundu yake ya kupumulia. Kama umeiweka kwenye ua la kahawa la mtu, lisuuze kabla hujaondoka.

#13 Kipimo_Sahihi

Kwa wadudu na kahawa nakubali. Kwa tone moja kwenye ncha ya unyasi uliokata mwenyewe, sioni tatizo.

#14 chalii_wa_sakina

Je, vyote viwili vikali, ukingo na ua? Kuna watu wanafanya.

#15 FundiLenzi

Wanarundika picha: wanapiga kadhaa, kila moja fokasi ikiwa imesogea kidogo, kisha wanaziunganisha. Hesabu: kutoka ukingo mpaka taswira ni mm 2.5 kwa tone la mm 2.5, ongeza nusu mm ya akiba, jumla mm 3. Kina kwenye f/8 ni mm 0.6, hatua ya mm 0.4 inaacha mwingiliano wa kutosha. Ni picha 8. Ukiwa na reli ya skrubu, jua mzunguko mmoja unasogeza kiasi gani kabla hujaanza. Shata kwa kipima muda cha sekunde 2, kioo kikiwa kimenyanyuliwa. Ziunganishe kwenye Helicon Focus, Zerene Stacker, au CombineZP, programu ya zamani ya bure kwa Windows.

Zinapoharibika, angalia mambo mawili. Tone la maji matupu juani linapungua kati ya picha ya kwanza na ya nane, ukingo unatoka maradufu. Hapa gliserini ya Kipimo_Sahihi inajitetea. Pili, programu inaacha mzunguko wa ukungu kuzunguka tone, kwa sababu ukingo uliofifia wa picha za mbele umefunika mandharinyuma. Kwa picha ya aina hii picha mbili zinatosha mara nyingi: moja ya ukingo, moja ya ua, halafu unafuta kwa brashi ndani ya tone tu.

Upepo ndio adui wa yote haya. Spoku ya baiskeli ichomekwe ardhini, kibanio cha nguo kikafungwa juu yake kwa waya, kinabana shina sm 5 chini ya tone. Mwavuli upande wa upepo unatokea. Kamera iwe juu ya mfuko wa maharage. Stendi ndefu kwenye udongo uliolowa inazama taratibu huku unapiga.

#16 mama_kihamba

Swali la mwisho: nikitoka na kamera kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi inafunga ukungu robo saa nzima na jua linaondoka na matone.

#17 Nuru_Laini

Ifungie kamera kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa kabla hujawasha kiyoyozi, na ukifika iache humo humo dakika 20 hadi 30. Unyevu utagandia nje ya nailoni. Ikiwezekana zima kiyoyozi mapema ukiwa bado njiani, kuanzia Kibosho road, na ufungue vioo, utasubiri muda mfupi zaidi. Usiifute lenzi ikiwa imefunga. Unaeneza tu, na ukifungua lenzi wakati huo sensa nayo inalowa. Nyumbani weka vifaa kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana pamoja na silika ya kukaushia. Mlimani huku fangasi ya lenzi haihitaji mwaliko.